Anga ya Kilimanjaro na hesabu ya kutua kwa lazima

Helikopta iliyoanguka karibu na Kituo cha Barafu, katika Mlima Kilimanjaro, Desemba 24, 2025, ilikuwa imepanda mlimani kwa kazi ya uokoaji. Watu watano walipoteza maisha: rubani, daktari, mwongoza watalii na wageni wawili waliokuwa wakishushwa kwa ajili ya matibabu. Chombo kilichotumwa kuondoa watu katika hatari kikawa chenyewe ndiyo hatari, tena katika eneo ambalo maelfu ya wapanda mlima hupitia kila mwaka kuelekea kilele cha Uhuru.

Kwa wakazi wa Moshi, Marangu, Machame na Rombo, mlio wa helikopta asubuhi umekuwa sehemu ya maisha. Inapopita juu ya migomba, watu hujua kuna mgonjwa huko juu. Ndiyo maana ajali ile iligusa hata kaya ambazo hazikuwa na ndugu ndani ya chombo kile. Vijana wengi wa vijiji hivyo ni wapagazi, wapishi na waongoza watalii, na siku yao ya kuugua wakiwa kazini nao hutazama juu wakisubiri mlio huo huo.

Ajali hiyo imerudisha mezani suala lenye historia ndefu kuliko utalii wa sasa: chombo cha angani kinapopata tatizo katika anga ya Kilimanjaro, kinaweza kutua wapi?

Mlima wenyewe hautoi majibu mengi. Kuanzia Moshi, mji ulio chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, ardhi hupanda kupitia mashamba ya kahawa na migomba, kisha msitu mnene, kisha nyika ya vichaka, hadi jangwa la mawe na barafu ya Kibo kwenye mita 5,895. Katika vihamba hakuna uwanda. Kila kipande cha ardhi kina mti, nyumba, mfereji au kaburi la ukoo. Msituni hakuna kitu ila matawi. Rubani aliyepoteza injini upande wa kusini wa mlima anayeweza kuchagua atachagua tambarare iliyo chini: mashamba ya miwa ya Arusha Chini, nyika ya Sanya, au mabonde ya ngano ya upande wa Siha akiwa magharibi. Asiye na urefu wa kutosha wa anga kufika huko hana cha kuchagua.

Mei 18, 1955, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki aina ya Dakota, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga mlima huo na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Dakota ilikuwa ndege ya enzi zake: ilibeba askari na mizigo kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha baada ya vita ikageuzwa kuwa basi la angani la makoloni. Haikuwa na rada ya kuonyesha ardhi iliyo mbele wala chombo cha kumpigia rubani kelele anapokaribia mwamba. Mwezi wa Mei huku kaskazini ni mkia wa masika, na wenyeji wanajua kwamba katika majira hayo mlima unaweza kujificha wiki nzima bila kuonekana kwa mtu aliyesimama Moshi mjini, kilomita chache tu kutoka miguuni pake.

Miaka 53 baadaye, Novemba 2008, ndege ndogo iliyobeba watalii ilianguka kwenye uwanda wa juu kati ya Kibo na Mawenzi. Watalii wanne kutoka Italia walikufa, rubani alinusurika. Mabaki yake yalibaki pale, na wapandao kwa njia ya Marangu wamekuwa wakiyaona kwa miaka mingi, vipande vya bati jeupe katikati ya vumbi la volkano. Kati ya ajali hizi mbili, teknolojia ya ndege ilibadilika kupita kiasi. Mlima haukubadilika, na hewa yake vilevile.

Hewa ndiyo kiini cha jambo hili. Ndege huelea kwa sababu mbawa zake zinasukuma hewa, na injini hufanya kazi kwa sababu inavuta hewa. Katika kimo cha Kituo cha Barafu, yaani karibu mita 4,700, msongo wa hewa ni kama asilimia 56 tu ya ule wa Dar es Salaam. Bapa za helikopta zinazokata hewa hiyo nyepesi hupata kitu kidogo cha kushika. Injini nayo hupumua kwa shida kama mpanda mlima mwenyewe. Mzigo ambao helikopta ingeubeba bila taabu pale Moshi unaweza kuizidi nguvu ikiwa juu. Helikopta inapopoteza injini, rubani hutegemea bapa zizungushwe na hewa inayopita kutoka chini wakati chombo kikishuka, ili apate msukumo wa mwisho wa kutua polepole. Katika hewa nyepesi msukumo huo ni mfinyu, na juu ya miteremko ya mawe hakuna mahali pa kuutumia hata ukipatikana. Hayo ni maelezo ya fizikia, si ya ajali ya Desemba. Kuhusu chanzo cha ajali, neno la mwisho ni la wachunguzi.

Hesabu hiyo hiyo hufanya kazi chini pia, na tukio linaloionyesha vizuri kuliko yote halikuua mtu.

Jumatano ya Desemba 18, 2013, ndege kubwa ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767 ilikuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, ikiwa na watu zaidi ya 200. Njia ya kurukia ya KIA ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyoharibika. Ndege hiyo kubwa haikutua Nairobi, wala Mombasa, wala Dar es Salaam. Ilitua Kisongo, katika Uwanja wa Ndege wa Arusha, uwanja unaotumiwa na ndege ndogo za kupeleka watalii Serengeti na Ngorongoro. Njia yake wakati huo ilikuwa na urefu wa mita 1,620. Ile ya KIA ina zaidi ya mita 3,600. Ndege iliishiwa lami, ikageuka, magurudumu yake yakazama kwenye udongo laini. Abiria walishuka wakiwa salama, na picha za ndege ile kubwa ikiwa majanini zilisambaa nchi nzima kabla ya jioni. Siku chache baadaye ilipunguzwa uzito, ikaruka na kuondoka.

Wengi walilichukua tukio hilo kama kichekesho, na mitaani Arusha lilitaniwa sana. Lakini ukilipima kwa namba halichekeshi. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kiasi kwamba ndege inayotua kwa mwendo uleule unaosomeka kwenye chombo cha rubani huwa, kwa kweli, inakimbia juu ya ardhi kwa kasi iliyozidi ile ya Dar es Salaam kwa asilimia 7 hivi. Kwa kuwa nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, breki zinatakiwa kumeza nguvu iliyozidi kwa asilimia 14 au 15. Joto la mchana huongeza tena. Kwa hiyo uwanja ule ulikuwa mfupi mara mbili: mfupi kwa mita, na mfupi zaidi kwa hewa.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji asiye rubani huenda halijui. Njia za kurukia hupewa namba kulingana na uelekeo wa dira, na viwanja hivi viwili, vilivyo kilomita 50 hivi kutoka kimoja hadi kingine, vina njia zinazoelekea upande mmoja na zenye namba zilezile, 09 na 27. Anayezitazama kutoka juu huona mistari miwili ya lami iliyolala sambamba, mmoja mrefu na mmoja mfupi, chini ya milima miwili mikubwa, Kilimanjaro na Meru.

Aina hiyo ya Boeing 767 na shirika hilohilo vina kumbukumbu nyingine katika ukanda huu, tena chungu. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta na kulazimika kutua baharini, karibu na ufukwe wa Ngazija katika Visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Huko Kanada, Julai 23, 1983, Boeing 767 nyingine iliishiwa mafuta ikiwa juu kabisa angani kwa sababu ya makosa ya kubadili vipimo vya uzito wa mafuta; marubani waliiteremsha bila injini hadi kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga pale Gimli, na wote wakapona. Tofauti kati ya Ngazija na Gimli ina sababu nyingi, mojawapo ikiwa watekaji waliokuwa wakigombana na rubani hadi dakika ya mwisho. Lakini mojawapo ni ya wazi mno: huko Gimli palikuwa na lami ndefu chini, iliyoachwa na jeshi.

Hapo ndipo ndege za kivita zinapoingia katika hadithi hii. Ndege za kivita za jeti zilizobuniwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndizo zilizoufundisha ulimwengu thamani ya lami ndefu. MiG-21 ya miaka ya 1950 na ndugu zake waliotengenezwa China, aina ambazo Jeshi la Wananchi wa Tanzania limewahi kuzitumia, zina mbawa ndogo zilizochongwa kwa ajili ya kasi. Sifa hiyo inayozifanya ziwe kali vitani huzifanya ziwe wagumu wa kutua. Hugusa ardhi kwa mwendo unaokaribia kilomita 300 kwa saa na hufungua mwavuli nyuma ili kusimama. Injini ikizimika, ndege ya abiria inaweza kuelea kilomita 15 au zaidi kwa kila kilomita moja inayoshuka. Ndege ya kivita ya aina hiyo hupata nusu ya umbali huo au pungufu. Rubani wake ana dakika chache mno za kufikiri.

Ila ana kitu ambacho rubani wa abiria hana: kiti kinachoweza kumrusha nje pamoja na mwavuli wake. Rubani wa kivita akiona hawezi kufika kwenye lami, kanuni za nchi nyingi humtaka aielekeze ndege mahali pasipo na watu, kisha ajirushe. Ndege ni mali. Rubani amegharimu miaka ya kufunzwa. Kwa rubani mwenye abiria nyuma yake, njia hiyo haipo. Yeye lazima atue, popote pale, akiwa na kila mtu aliyepanda naye. Ukiitazama hivyo, Boeing 767 juu ya Kilimanjaro inahitaji uwanja wa pili kuliko ndege yoyote ya jeshi.

Uchunguzi nao hutofautiana. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamia usafiri wa anga duniani, kwa Ibara yake ya 3 unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, forodha na polisi ziko nje yake. Ajali ya ndege ya kijeshi huchunguzwa na bodi ya jeshi lenyewe na matokeo yake kwa kawaida hubaki ndani. Ajali ya ndege ya kiraia huchunguzwa kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha mkataba huo, ambacho kinasema wazi kwamba lengo ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa, na kinataka taarifa ya awali itolewe ndani ya siku 30. Kwa wananchi wa Kilimanjaro, tofauti hii si ya kisheria tu. Taarifa inayochapishwa kikamilifu husomwa na mwendesha helikopta wa Moshi, na mwongozaji ndege wa KIA, na mwenye kampuni ya utalii anayeamua ni lini aite helikopta na ni lini ashushe mgonjwa kwa machela. Isiposomwa na hao, imeandikwa bure.

Serikali imefanya mengi tangu 2013, na ni haki kuyataja. Njia ya kurukia ya Uwanja wa Arusha imerefushwa kwa mita 220 na kufikia mita 1,840. Mwaka 2017 Serikali ilisaini mkataba wa kufunga rada nne za kuongozea ndege za kiraia, katika viwanja vya Julius Nyerere, KIA, Mwanza na Songwe. Mwongozaji aliyeko KIA hahitaji tena kutegemea sauti ya rubani peke yake kujua ndege iko wapi. Rada isingeiondoa ile ndege ndogo iliyoziba njia mwaka 2013, lakini mtu anayeiona ndege kwenye kioo ana nafasi nzuri zaidi ya kugundua mapema inakoelekea.

Kinachobaki ni ukweli kwamba kanda nzima ya kaskazini ina njia moja tu ndefu. Mita 1,840 za Arusha ni maendeleo makubwa kwa ndege zinazokwenda mbugani na kwa ndege za kati za pangaboi. Kwa ndege pana zinazotoka Ulaya na Ghuba hazitoshi. Uwanja wa Moshi, uliopo kando ya mji, ni wa ndege ndogo. Hivyo njia ya KIA ikizibwa kwa saa mbili, iwe kwa tairi lililopasuka au kwa ndege iliyotua kwa tumbo, kila ndege kubwa iliyoko njiani lazima iwe na mafuta ya kufika Nairobi, umbali wa kilomita 235 hivi, au Mombasa, pungufu kidogo ya kilomita 300, au Dar es Salaam, karibu kilomita 450. Kanuni za kimataifa zinalazimisha mafuta ya kufika kiwanja mbadala yawepo kabla ndege haijaruka. Kanuni hiyo ikifuatwa, kufungwa kwa KIA ni usumbufu tu.

Suala la kuondoa ndege iliyokwama njiani halizungumzwi sana, pengine kwa kuwa halina sherehe ya uzinduzi. Mifuko ya hewa ya kunyanyulia bawa, winchi, mabamba ya kutandaza kwenye tope na watu waliofunzwa kuvitumia usiku wa mvua: hivyo ndivyo vinavyoamua kama uwanja utafungwa kwa dakika 40 au kwa siku nzima. Fedha zake ni ndogo ukilinganisha na jengo la abiria. Umuhimu wake utaongezeka haraka. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,808,205 mwaka 2023, na sehemu kubwa ya wanaokwenda mlimani na mbugani huingilia KIA. Mashindano ya AFCON 2027, yatakayoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, yanakuja na uwanja mpya wa soka wa Arusha wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 30,000. Timu, mashabiki na waandishi watatua kwenye lami ileile, katika ratiba isiyokubali kuahirishwa.

Uokoaji ni upande mwingine wa jambo hilohilo. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 kati ya 43 walikufa, na waliofika kwanza kuwasaidia walionusurika walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Taifa liliwashukuru wavuvi wale, na ilistahili. Katika Kilimanjaro nafasi ya wavuvi hao hushikwa na wapagazi. Ndege ikianguka juu ya mita 4,000, wa kwanza kufika si zimamoto wa KIA. Ni vijana waliobeba mahema na vyakula vya wageni, wenye simu isiyo na mtandao kila mahali.

Ni hao pia wanaomshusha mgonjwa hali ya hewa inapokataa helikopta kuruka. Machela ya gurudumu moja, iliyosukumwa na kushikiliwa na watu sita au wanane kwenye njia ya mawe, bado hufanya kazi mlimani. Ni ya polepole na inachosha. Mgonjwa wa mwinuko, hata hivyo, huanza kupata nafuu kadiri anavyoteremka, na mita elfu moja za kushuka kwa miguu zinaweza kumsaidia kabla helikopta haijawasha injini. Mawingu ya Kilimanjaro kwa kawaida hujikusanya kuanzia saa tano asubuhi. Anayesubiri helikopta mchana huenda akasubiri hadi kesho. Uamuzi wa kuita chombo cha angani katika kimo kile unapaswa kupimwa kama daktari anavyopima dawa kali, kwa kujua kwamba watu wengine watatu au wanne wanaingizwa katika hatari ili kumtoa mmoja.

Mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wapagazi, redio za mawasiliano katika vituo vyote vya juu, oksijeni ya kutosha Barafu na Kibo, na utaratibu unaoeleweka kati ya Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro, kampuni za utalii na hospitali ya KCMC mjini Moshi kuhusu nani anaita helikopta na kwa hali ipi: mambo haya hayahitaji kusubiri ripoti ya mwisho ya ajali ya Desemba. Msimu mkubwa wa kupanda mlima huanza Juni, mvua za masika zikishakatika, na kuanzia hapo makundi hufuatana kila asubuhi kwenye lango la Machame, wapagazi wakipanga foleni kupimiwa mizigo yao kwenye mizani.